Picha ya CT kila baada ya miezi 3 inammaliza mkulima wa Usoke bure

MWEZI wa saba huku kwetu Usoke ni mwezi wa kuhesabu fedha. Tumbaku imeshapita kwa mteuzi, malipo yameanza kuingia katika chama cha msingi, mkopo wa mbolea umeshakatwa, na kile kinachobaki kila mwenye shida anakikodolea macho: karo ya shule, bati za nyumba, mahari ya kijana na madeni ya dukani. Julai 2023, katika ukoo wetu, kiliongezeka kitu kingine katika orodha hiyo. Kilikuwa picha ya CT ya baba mdogo, ya nne ndani ya mwaka mmoja.

Nieleze mapema ili msomaji asidhani kwamba naona uchungu kumtibu mzee wangu. Ng'ombe wanauzwa na wanazaliwa wengine. Ninachohoji ni kama fedha ile ilikuwa inanunua kitu.

Baba mdogo ni mkulima wa tumbaku ya mvuke, na kwa miaka mingi bani lake lilikuwa la kupigiwa mfano katika kitongoji chetu. Mwaka 2021 aliota uvimbe shingoni, upande wa kushoto, mdogo kama punje ya karanga. Ukafuata mwingine, kisha wa tatu kwapani. Hauumi, hana homa, hajakonda, na shambani anakwenda kwa baiskeli kama kawaida. Mahali alipokwenda kwanza aliambiwa ni kifua kikuu cha tezi, akameza vidonge kwa miezi 6, na tezi zikabaki pale pale. Silaumu sana, kwani katika nchi yetu tezi za shingoni zikivimba, mara nyingi kweli ni kifua kikuu. Kasoro ni kwamba hakuna aliyekata kinyama kukipeleka kwa wataalamu wa patholojia. Kilipokuja kukatwa, mwaka 2022, majibu yalisema ni limfoma, yaani saratani ya tezi, ya ile aina inayokua polepole.

Hapo ndipo picha zilipoanza. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimpiga picha ya kwanza, na hiyo ilikuwa halali kabisa. Kisha akaambiwa arudi kila baada ya miezi 3 kwa nyingine. Picha ya kwanza ilikula dume la kulimia. Ya pili ilikula mbuzi na akiba ya mke wake. Ya tatu ilichukua fedha ambazo zingenunua mahindi ya kula wakati wa masika. Majibu ya ya pili na ya tatu yalikuwa na maneno yale yale: hakuna mabadiliko makubwa.

Basi katika kikao cha Julai shangazi, ambaye hakusoma sana lakini anajua hesabu kuliko makarani wengi, aliuliza swali ambalo sisi wasomi wa ukoo hatukuwa na jibu lake. "Hiyo picha inamtibu?"

Mimi si daktari. Nimekuwa katibu wa chama cha msingi, na kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu fedha imekwenda wapi. Nilifanya hivyo hivyo kwa suala hili: nikauliza madaktari wawili kwa nyakati tofauti, nikasoma miongozo inayopatikana, na nimeona yafaa nikiweke hapa nilichojifunza, kwa sababu najua baba mdogo si peke yake.

Tuanze na mashine yenyewe. CT ni eksirei inayomzunguka mgonjwa na kumkata vipande vipande kwa macho, kama mkate, bila kumgusa kwa kisu. Picha ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Afrika Kusini, ambaye alikuwa amepiga hesabu za jambo hilo kabla yake. Kabla ya hapo, daktari aliyetaka kujua kama limfoma imefika tumboni aliweza kulazimika kumpasua mgonjwa ili aangalie. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya kwamba naidharau mashine.

Sasa, picha hiyo inatafuta nini? Inatafuta ugonjwa uko wapi na umeenea kiasi gani. Haisemi ni ugonjwa gani. Jina la ugonjwa linatoka kwenye kinyama kilichokatwa. Mkulima wa tumbaku ataelewa haraka: mteuzi akitaka kujua daraja la robota hulifungua akashika jani, na hiyo ndiyo kazi ya kinyama. Picha ya CT ni sawa na kulizunguka shamba zima kuhesabu matuta mangapi yameshambuliwa. Mtu anayelizunguka shamba kabla ya kujua ni mnyauko au ni ukame, anatembea tu.

Madaktari huupanga ugonjwa huu katika hatua 4, kwa mpango ulioanzia Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971 na kurekebishwa Lugano, Uswisi, ambako marekebisho yake yalichapishwa mwaka 2014. Hatua ya kwanza ni kundi moja la tezi. Ya pili ni makundi mawili au zaidi, lakini yote upande mmoja wa kiwambo, ule utando unaotenganisha kifua na tumbo. Ya tatu ni pande zote mbili. Ya nne ni pale ugonjwa unapotoka nje ya mfumo wa tezi, ukaingia kwenye uloto wa mifupa, ini au mapafu.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza matumaini pasipo sababu. Tumezoea kusikia "hatua ya nne" ya saratani ya shingo ya kizazi au ya koo, na tukisikia hivyo tunaanza kuita ndugu wa mbali. Katika limfoma inayokua polepole mambo ni tofauti. Wagonjwa walio wengi hugunduliwa wakiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne, kwa kuwa ugonjwa haukuwauma, na wengi wao huishi miaka mingi, wengine zaidi ya 10 au 15. Baba mdogo alikutwa katika hatua ya tatu. Siku ile nyumbani palikuwa kama pana msiba, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akitupikia chai.

Kwa nini basi hatua ijulikane? Kwa sababu ya wale wachache walio katika hatua ya kwanza au ya pili. Hao wanaweza kupewa mionzi mahali pale pale palipovimba, na baadhi yao ugonjwa usirudi tena maishani. Bila picha nzuri hutawajua. Utampa mionzi ya shingo mtu ambaye tumbo lake limejaa tezi, au utamwacha mtu ambaye angepona. Picha hiyo moja ya mwanzo, kwa maoni yangu, inastahili kuuziwa dume.

Wale wengine, walioenea lakini hawana dalili, kinachofanyika duniani kote ni kitu ambacho mkulima huona vigumu kukiamini: kusubiri kwa kuangalia. Hawapewi dawa. Uingereza walilifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wakiwagawa wagonjwa 309 katika makundi mawili, moja likianza vidonge mara moja na jingine likisubiri mpaka dalili zije. Walioanza mapema hawakuishi muda mrefu zaidi ya waliosubiri. Tangu hapo zimekuja dawa bora zaidi, lakini kanuni imebaki kwamba mtu asiye na dalili, na ambaye tezi zake si kubwa, anaweza kusubiri salama.

Kusubiri huko kuna masharti, na masharti hayo hayahitaji CT. Homa isiyoeleweka. Jasho la usiku linalolowesha shuka. Kupungua uzito kwa zaidi ya sehemu 1 ya 10 ndani ya miezi 6. Tezi inayofika upana wa sentimita 7. Bandama inayovimba, damu inayopungua, maji kifuani, mguu unaovimba kwa sababu kitu kinakandamiza ndani. Kati ya hayo yote, mangapi yanahitaji mashine ya mamilioni? Mizani ipo hata kwenye ghala la chama. Kipimo cha wingi wa damu kinafanyika katika hospitali ya wilaya. Tezi ya shingo inapimwa kwa rula na vidole vya daktari anayejali, na bandama inaonekana kwa ultrasaundi, ambayo haina mionzi na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na CT.

Wataalamu waliokutana Lugano waliandika waziwazi kwamba kupiga picha mara kwa mara kwa ajili ya kufuatilia tu, mgonjwa akiwa hana dalili, hakushauriwi. Ni kweli wapo wanaoruhusu kidogo, hasa kama kuna tezi kubwa tumboni ambazo mkono haufiki. Lakini hata miongozo inayotumiwa Marekani, nchi isiyojulikana kwa ubahili wa vipimo, inaweka kikomo cha mara 1 kwa miezi 6 katika miaka 2 ya kwanza, kisha si zaidi ya mara 1 kwa mwaka. Hii ya miezi 3 iliyomkumba baba mdogo sijui ilitoka wapi. Nina mashaka yangu, lakini mashaka si ushahidi, na mashine ikishanunuliwa lazima ilishwe.

Tena picha hizi si maji ya kunywa. CT ya kifua na tumbo inaweza kumpa mtu mionzi sawa na ile anayoipata kutoka ardhini na angani kwa miaka kadhaa. Kwa mzee mwenye sababu nzito, hilo halizuii. Kwa kijana wa miaka 35 anayerudi mara 4 kila mwaka, ni lazima mtu aulize. Ile dawa ya rangi inayochomwa mshipani nayo inahitaji figo zipimwe kwanza, hasa kwa wenye kisukari.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo picha haipaswi kucheleweshwa hata kwa wiki moja, na hili naomba lisomwe mara mbili. Limfoma inayokua polepole inaweza kubadilika ikawa kali. Inakadiriwa hutokea kwa watu 2 au 3 kati ya 100 kila mwaka. Tezi moja inaanza kukimbia kuliko nyingine, homa inaingia, mtu anakonda ghafla. Hapo picha inatakiwa upya, na kinyama kinakatwa upya kutoka kwenye tezi inayokimbia. Fedha iliyoteketea kwenye picha za kila miezi 3 ndiyo ambayo ingekuwapo siku hiyo. Vilevile habari ya kusubiri isimhusu mtoto mwenye uvimbe wa taya. Ile ni limfoma nyingine, aliyoieleza daktari Denis Burkitt wa Mulago, Uganda, mwaka 1958, na inakua kwa kasi ya siku, si ya miaka. Mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa leo.

Nimeulizwa pia kuhusu PET, ile mashine ambayo mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi na uvimbe wenye njaa ya sukari hung'aa kwenye picha. Kwa limfoma nyingi ndiyo inayopendekezwa sasa katika kupanga hatua, kwa sababu huona ugonjwa ambao CT huupita, na huonyesha tezi ipi ikatwe kinyama pale ugonjwa unapobadilika. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza huduma hiyo mwaka 2018, na serikali yetu nayo ilipanga kuiweka Ocean Road, Dar es Salaam. Ni habari njema, ila tusijidanganye kwamba itafika Kitete. Dawa yake hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Ukiipakia kwenye treni ya zamani ya Reli ya Kati na ikachukua siku nzima njiani kuja Tabora, kitakachofika ni chini ya sehemu 1 kati ya 8,000. Dawa haifuati mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayepaswa kuifuata, kilomita zaidi ya 800, kwa nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza. Kwa hiyo aifuate pale tu jibu litakapobadilisha matibabu.

Nirudi kwenye uchumi, maana ndiyo kurasa zenyewe. Mwaka 2021 serikali ilitenga sehemu ya ule mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19 kununua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo kubwa. Kwa miaka mingi mtu wa Usoke aliyeandikiwa CT alijua ni safari ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Nampongeza aliyetoa wazo hilo.

Lakini sisi wa Urambo tuna kumbukumbu ya mashine. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Walileta matrekta, wengine wakageuza vifaru vya vita kuwa matrekta, kabla hawajajua vya kutosha kuhusu udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimekwenda. Wazee waliobaki ndio walioanza kutuonyesha tumbaku. Trekta halikuwa na kosa. Aliyepaswa kupima udongo kwanza hakutumwa.

Katika saratani ya tezi, anayepima udongo ni mtaalamu wa patholojia, na anayesoma shamba ni daktari wa radiolojia. Mashine ikiwapo na hao hawapo, tutapata picha nyingi na majibu machache. Kama kuna shilingi ya kuongeza Tabora, ningependa iende kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhi kinyama, usafiri wa kukipeleka Mwanza au Dar es Salaam, na mtu wa kusoma picha kwa maandishi yanayoeleweka. Kinyama kinasafiri vizuri kwenye basi. Mgonjwa hasafiri vizuri hivyo.

Vyama vya msingi navyo visikae pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwaletea wakulima wa mazao ya ushirika, tumbaku ikiwamo, mpango wa Ushirika Afya, ili mchango ukatwe kama tunavyokatwa mbolea ya NPK. Nilikuwapo ulipojadiliwa katika vikao vyetu na nakiri wengi tuliupokea kwa ubaridi, tukiona ni makato mengine juu ya makato. Tulikosea. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na wakati wa kusema nini kiwemo katika kitita cha mkulima ndio huu. Ningependa kiwemo kinyama na majibu yake, CT moja ya mwanzo, ultrasaundi na damu za kufuatilia, na CT nyingine pale tu daktari atakapoandika sababu. Mwenye bima akiandika "ufuatiliaji" peke yake, aulizwe.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hutulia akiona picha, na kwamba utulivu nao ni dawa. Hoja hiyo siipuuzi. Nimeona usingizi wa baba mdogo wiki moja kabla ya picha na wiki moja baada ya majibu. Ila nimeona pia kwamba hofu ile ile iliyotulizwa Machi ilirudi Mei, ikiwa imemeza mahindi yetu.

Swali la shangazi lilipelekwa kama lilivyo kwa daktari wa hospitali nyingine mwishoni mwa 2023. Alizichukua zile picha 3, akaziweka pamoja kwenye kompyuta, akatuita wote tuangalie. Tezi ya tumboni ilikuwa sentimita 3 katika ya kwanza na sentimita 3 katika ya tatu. Akatuambia mashine imeshasema ilichokuwa nacho. Akachora mwili wa mtu kwenye karatasi, akaweka alama mahali penye tezi na ukubwa wake, akampa baba mdogo akae nayo. Kila baada ya miezi 3 anakwenda kupimwa uzito, damu na kushikwa tezi, na kila baada ya miezi 6 ultrasaundi ya tumbo. Alisema pia kwamba siku tezi ikisumbua, kuna mionzi ya dozi ndogo, siku 2 tu, ambayo mara nyingi huifanya inywee, na si lazima kukaa Dar es Salaam mwezi mzima.

Picha zenyewe ziko kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la bati lenye hati za shamba na vitabu vya chama. Shangazi ameandika tarehe juu ya kila moja kwa kalamu nyekundu. Anasema mtu yeyote atakayetaka ya nne aje kwanza amwonyeshe kilichobadilika.